Mlinzi wa Maharage ya Hadji

Ukitaka kumsema vibaya Moniteur katika mtaa wetu pale Butembo, jiandae kubaki peke yako. Watu watakukatiza. Watakukumbusha ni nani aliyewachimbia wajane mifereji bila kuombwa, ni nani aliyetembea na mguu mbovu hadi hospitali kumpelekea jirani uji. Yote ni kweli, na mimi mwenyewe nimekula kabichi zilizopona kwa mikono yake. Lakini nimenyamaza miaka mingi, na kunyamaza kumenichosha. Leo nitamsema.

Tulimwita Moniteur kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa nayo, moniteur wa kilimo, yule mtu wa serikali anayepita mashambani kufundisha watu kupanda kwa mistari. Serikali yenyewe ilikuwa imeacha kumlipa kabla hata vita havijafika kwetu. Hilo halikumzuia. Kila asubuhi alivaa shati lake la kaki lenye kalamu mbili mfukoni, akavuta buti za mpira, akaning'iniza filimbi shingoni na kutoka kukagua bustani za watu. Hakubisha hodi. Alipuliza filimbi mara moja langoni, akaingia. Kama ulikuwa unaoga, shauri yako.

Kwetu mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake. Moniteur hakujishughulisha na hayo. Kwake sisi sote wenye bustani tulikuwa Cultivatrice, mkulima wa kike kwa Kifaransa, na akitukuta wawili pamoja alinyoosha kidole. Alijua majina ya kila aina ya maharage yanayoota kuanzia Lubero hadi Beni, na magonjwa yao, na mwezi wa kuyapanda. Ukimpa punje moja alikuambia imetoka kilima gani. Sisi tuliona ni utani wa mzee, tukacheka.

Bustani yangu ilikuwa nyuma ya nyumba, hatua ishirini kwa kumi na tano, kwenye mteremko. Nilikuwa na vitunguu vya majani, kabichi, karoti, lengalenga ambayo wengine huiita mchicha, viazi kidogo, na mistari ya maharage chini. Kabla ya vita ilikuwa bustani ya mchuzi tu. Shamba lenyewe lilikuwa mbali, nje ya mji, na mume wangu alikuwa na kazi yake Kisangani. Kisha barabara zikakatwa, mume wangu akabaki upande wa pili bila barua wala salamu, na wanawake waliokwenda mashambani wakaanza kurudi bila vikapu, wengine bila nguo. Nikaacha kwenda. Hizo hatua ishirini kwa kumi na tano ndizo zikawa chakula changu na cha binti zangu watatu, asubuhi na jioni.

Halafu panya wakaja.

Sijui kama umewahi kuvuta karoti yenye majani mazuri, ya kijani kabisa, na mkononi ukabaki na majani tu. Wanakula kutoka chini. Juu bustani inapendeza, mpita njia anakusifu, na chini hakuna kitu. Kabichi walizitoboa ubavuni na kuingia kukaa humo. Viazi walivihamisha vizimavizima. Nilikuwa nasimama katikati ya bustani asubuhi na kupiga matundu kwa jembe kwa hasira.

Moniteur alikuja siku hiyohiyo aliyosikia. Nitamsifu hapa, maana anastahili, na sifa hii ndiyo inayonikera zaidi. Hakuna mtu katika Butembo nzima aliyejua panya kumshinda.

"Panya hapana shetani, Cultivatrice," aliniambia huku amechuchumaa kwenye tundu. "Iko na njia yake, iko na saa yake, iko na pahali ya kulala. Ukishajua zile tatu, njo umemaliza kazi. Technique ni technique." Njo ni ndiyo yetu ya Butembo.

Alinifanya nifyeke majani yote kando ya ua, upana wa hatua mbili, hadi udongo ubaki uchi, maana panya huogopa kuvuka mahali peupe. Kuni zangu zilizolala chini akaziinua juu ya mawe. Marundo ya mabua ya mahindi akayachoma. Alifukia makopo makubwa ya mafuta ya mawese hadi midomo ikawa sawa na ardhi, akatia maji nusu, akapitisha waya juu na kibunzi cha mahindi kilichopakwa mafuta katikati. Panya anakifuata, kibunzi kinazunguka, panya anakwenda majini. Matundu aliyaziba yote akaacha moja, na hapo akafukiza pilipili kavu hadi mimi na watoto tukakohoa kuliko panya wenyewe. Kabla ya kugusa mtego wowote alisugua mikono kwa udongo ili isinuke sabuni. Sumu alikataa katakata. Alisema watu wanakula panya wa shamba, na watoto wanaokota kila kitu.

Na huyohuyo mtu wa technique, akiwa anategesha, hakulitamka neno panya. Alinong'ona. Aliwaita wageni.

"Bageni bataingia na huku," aliniambia siku moja kwa sauti ya chini kabisa, mkono kwenye kopo.

"Papa Moniteur, basi na weye unaogopa basikie?"

"Hapana kuogopa. Ni prudence, ni kujichunga."

Binti yangu mkubwa alicheka hadi akaketi chini. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Moniteur alimtazama kwa ukali, kisha akamwonyesha jinsi ya kukunja waya. Alifundisha yeyote aliyekuwa karibu, bila kuuliza ni nani.

Alikuwa na tabia nyingine zilizonichekesha wakati ule. Hakula kwa mtu. Ukimpa hata kikombe cha chai katikati ya kazi alisema wasingya, asante ya Kinande, akakirudisha kimejaa. Alisema mtu wa serikali akila kwa wakulima ripoti yake inaharibika. Ripoti gani, wakati ofisi yake wanajeshi walikuwa wameigeuza jiko? Ukimsindikiza na kitunguu kimoja alikiacha juu ya nguzo ya lango lako. Watu waliona ni utakatifu, na kanisani waliwasomesha watoto mfano wake. Mimi pia niliona hivyo. Sasa naona mtu aliyeogopa midomo ya watu kuliko alivyomwogopa Mungu, lakini hayo niliyajua nimechelewa.

Nyumba iliyofuata yangu ilikuwa ya Hadji. Hadji alikuwa msafirishaji, Mwislamu, mwenye malori mawili yaliyokuwa yakienda Kasindi na kurudi na mzigo kutoka mpakani. Ukuta wake wa matofali ndio ulikuwa mpaka wa bustani yangu upande wa chini, na nyuma ya ukuta huo kulikuwa na depo yenye mlango wa chuma alimowekea maharage. Wanajeshi walipochukua lori moja, wakasema wameazima, Hadji hakungoja waje kuazima la pili. Asubuhi ileile alipakia mke na watoto. Nilikuwa naanika nguo, nikaona yote. Alipuliza honi mbele ya nyumba ya Moniteur, akashuka, akamtia funguo mkononi. Hawakuzungumza sana. Hadji alisema, "Muzee, nyumba ni ile. Mungu akipenda tutaonana," akapanda, wakaenda njia ya Kasindi. Lori lilikuwa na nafasi kubwa nyuma. Watoto wake walikuwa wamejinyoosha humo wamelala.

Moniteur aliziingiza zile funguo kwenye kamba ya filimbi yake. Tangu siku hiyo alipotembea alisikika.

Sasa sikiliza. Katika mambo aliyonifundisha lilikuwapo la majivu. Unamwaga majivu membamba kwenye njia ya panya, asubuhi unakwenda kusoma nyayo. Tulimwaga mstari mrefu kuzunguka bustani yote. Kesho yake alikuja mapema, akainama, akafuata nyayo akiwa na furaha ya mtoto, hapa mmoja, hapa watatu, hapa njia kuu. Njia kuu ilishuka kati ya kabichi, ikapita maharage, ikafika kwenye ukuta wa Hadji, ikaingia chini ya ukuta. Majivu pale yalikuwa yamekanyagwa hadi hayaonekani.

Moniteur alisimama. Alitazama ukuta kwa muda. Kisha akaburuta buti lake juu ya majivu, taratibu, mara mbili, akafuta.

"Tutaongeza mitego," akasema.

Nilidhani hakuona sawasawa. Nilimwambia wanatoka kwa Hadji, wanalala kwenye depo. Alijibu kwamba mitego itatosha. Na kweli aliiongeza, akaja kila asubuhi kuikagua, akaua panya tisa katika juma moja, akanipangia mikia yao juu ya jiwe nione. Tulikuwa tunaua wajukuu. Mabibi walikuwa ndani ya depo, juu ya maharage ya Hadji, wakizaa wengine.

Nikapanda maharage ya msimu. Alikuja na kamba yake na vijiti, akanipimia mistari iliyonyooka, punje kwa punje. Panya wakachimbua punje ya kwanza, wakajua pa kuitafuta ya pili. Walifuata mstari wake hadi mwisho, wakageuka, wakarudi na wa pili. Siku ya nne hapakuwa na punje moja ardhini. Nilibaki na mbegu za kupanda mara moja tu, kwenye kibuyu, na nilijua kabisa kwamba hizo zikiliwa, watoto wangu wanalala njaa.

Nilikwenda kwake na binti yangu mkubwa. Moniteur alikuwa anapanguza buti zake mlangoni. Nilimsalimu kwa heshima, nikamwomba taratibu. Sikuomba maharage ya Hadji hata kikombe. Nilimwomba afungue, tuingie naye, tuzibe matundu, tuwatoe panya, tufunge. Aje na wazee wa kanisa kama anataka mashahidi.

"Cultivatrice, ule mulango hapana ya kwangu."

"Funguo iko kwa shingo yako, Papa."

"Njo vile. Mutu alinipa. Mwenye mali akirudia, atakuta vile aliacha."

"Panya banamaliza mbegu yangu. Nikipanda hii ya mwisho, banakula na ile."

"Nitakuletea mitego ingine tatu."

"Mitego hapana kitu tena. Batoto yangu batakula nini? Ule mulango hapana ya kwako, sawa. Hawa batoto, njo ya nani?"

Alimtazama binti yangu, kisha akarudi kwenye buti zake. Aliendelea kuzipanguza mahali palipokuwa safi tayari.

"Mama," akasema, na ndiyo siku pekee aliyoniita hivyo, "hapana uniombe ile kitu tena."

Kesho yake asubuhi mitego mitatu ilikuwa imepangwa langoni kwangu, mipya, ya mianzi, imefungwa vizuri. Niliipiga teke hadi barabarani. Baadaye nikaenda kuiokota, maana nilikuwa naihitaji.

Utaniuliza kwa nini sikuvunja ule ukuta mwenyewe. Nimejiuliza kuliko utakavyoniuliza wewe. Siku hizo mtu akionekana anavunja nyumba ya aliyekimbia, aliitwa mporaji, na mporaji alipigwa, ainuke tena au asiinuke. Hilo ni jibu moja. Jibu la pili ni baya zaidi. Nami nilikuwa nimelelewa hivyo. Nami niliamini kwamba ufunguo wa mtu ni ufunguo wa mtu. Nilimchukia kwa kukataa, na moyoni nilijua kwamba ningekuwa na zile funguo, huenda ningekataa pia. Hasira nyingine haina pa kwenda, inarudi kukaa na wewe.

Nilipanda mbegu za mwisho. Zikaliwa.

Dada yangu aliolewa Mutwanga, chini ya milima, kwenye joto, ambako muhogo na ndizi havikuwa vimekatika. Kulikuwa na pickup ya kanisa inayoshuka Beni, na kutoka Beni mtu angepata pikipiki. Nafasi ilikuwa moja. Nilimtuma mkubwa, kwa sababu alikula zaidi na kwa sababu angeweza kumsaidia dada yangu kulima. Aliondoka na sweta zake mbili moja juu ya nyingine, kama tunavyovaa Butembo asubuhi. Aliniambia nisisahau kubadilisha maji ya makopo ya mitego, yananuka. Nilimwambia ndiyo.

Sisi wa juu, wa baridi, malaria hatuizoei. Anayeshuka huko bila dawa inamkuta na damu ya mgeni. Wapiganaji waliifunga barabara wiki chache baada ya yeye kupita, na dawa hazikufika. Habari ilinifikia kwa mchungaji aliyepita msituni kwa miguu. Wakati huo alikuwa ameshazikwa siku kumi na moja. Hakumaliza miezi mitatu.

Moniteur alikuwa mtu wa kwanza kufika kwenye matanga. Alipasua kuni siku tatu. Alichota maji mtoni na mguu wake ule mbovu, akakataa vijana wampokee. Aliomba sala ndefu, akamshukuru Mungu "juu ya huyu mutoto." Watu walilia kwa ajili ya sala yake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, natazama funguo zinavyocheza kifuani kwake akiinua mikono, na nilitaka kumrukia. Wanawake walionishika walidhani ni majonzi.

Hadji alirudi barabara ya Kasindi ilipofunguka tena. Ilikuwa imepita miaka. Moniteur alivaa koti la kanisani. Mtaa mzima ulikusanyika, maana wengi walikuwa wamerudi na kukuta nyumba zao bila milango, bila mabati, na hapa kulikuwa na nyumba ambayo haikuguswa. Alizipangusa zile funguo kwa kitambaa, akamkabidhi Hadji kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona mtu amenyooka mgongo namna ile.

Hadji alifungua depo. Kwanza ilitoka harufu. Magunia yalikuwa yamesimama, mengine bado na umbo la gunia, lakini ulipoyagusa yalilala chini. Ndani yalikuwa maganda na mavi. Sakafu yote ilijaa maganda hadi kwenye vifundo vya miguu, na viota vya nyuzi za magunia kila kona. Panya walipita juu ya kandambili za Hadji wakitoka, bila haraka.

Hadji hakupiga kelele. Alitazama ndani, akamtazama Moniteur.

"Muzee. Hapana ulikula?"

"Hata punje moja," Moniteur akasema. Alikuwa bado amenyooka.

"Juu ya nini?" Hadji akauliza sababu.

Moniteur hakuelewa swali. Hadji akaonyesha kule barabarani. "Camion ilikuwa na nafasi. Uliona. Kama nilitaka maharagi yangu, ningepakia. Mutu anakimbia, anaacha chakula, anatia funguo kwa mukono ya jirani. Ni juu akule, na alishe batu. Ningekuambia mbele ya batu bote, basoda na bunduki yabo basikie? Nilifikiri unajua."

"Nilichunga," Moniteur akasema.

"Ulichungia nani, Muzee?"

Moniteur alikunja kile kitambaa cha funguo, akakirudisha mfukoni. Mimi niligeuka, nikarudi kwangu. Baadaye Hadji na mke wake waliambiwa habari za binti yangu, wakaja kwangu, wakaketi chini sakafuni, hawakukubali viti. Mke wake alinishika mkono hadi jioni.

Unafikiri watu walimlaumu Moniteur? Jumapili iliyofuata walimsimamisha mbele ya kanisa. Mchungaji alisema katika nchi ambako kila mtu ameiba, hapa kuna mtu mmoja hakupotea kwake hata kikombe. Walimpigia makofi. Niliinuka na binti zangu wawili waliobaki, nikapita katikati ya viti, nikatoka. Mtu mmoja alisema kwa sauti nisikie kwamba wivu ni ugonjwa. Tangu hapo nasali kanisa lingine.

Yeye aliacha kupita kwenye bustani yangu. Filimbi niliisikia kwa majirani, kisha nayo ikapungua. Panya wangu walikwisha wenyewe mwezi mmoja baada ya Hadji kusafisha depo na kuziba matundu. Matundu yenyewe yalikuwa matatu tu. Alitumia tofali sita.

Mara ya mwisho nilimwona Beni. Nilikuwa nimepeleka vitunguu, nikasikia kwamba amehamia kwa binti yake upande wa Mavivi, na kwamba haoni vizuri. Sikuwa na mpango wa kwenda. Miguu ilinipeleka. Nilimkuta nyuma ya nyumba, mchana, amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya matuta ya lengalenga, mikono juu ya magoti. Shati la kaki lilikuwa lilelile. Nilipomsalimu, alinijua kwa sauti.

"Cultivatrice," akasema. "Nilikuwa nakungoja."

Binti yake aliniletea kiti, akaenda jikoni. Ndege ilipita juu yetu ikielekea uwanjani, tukasubiri imalize kelele. Kisha akaniambia, bila mimi kumuuliza.

"Nilifungulaka. Ile depo. Mara moja."

"Lini?"

"Juma ya tatu, nyuma ya Hadji kwenda. Nilisikia kelele ya panya, nikafungula."

"Na maharagi?"

"Ilikuwa muzuri. Magunia kumi na moja. Mbili tu njo ilikuwa imetoboka. Niliona na shimo, tatu, pale chini ya ukuta yako."

Nilimuuliza kwa nini hakuyaziba. Tofali zilikuwapo uani kwa Hadji, nilikuwa naziona kila siku kutoka kwangu.

"Niliogopa," akasema. "Niingie na tofali, nitoke na mikono mitupu, nani ataamini? Batu bangesema Moniteur anabeba maharagi ya Hadji. Miaka yote ile hapana kula hata chai ya mutu, halafu baniite mwizi. Donc basi nilifunga. Nikasema nitauwa panya kwa inje."

"Siku ile nilikuja na mutoto. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Kumbe hata ule uaminifu wote haukuwapo. Nilikuwa nimeishi miaka nikimchukia mtu kwa ugumu wa neno lake, na katika chuki hiyo nilikuwa nimemwachia heshima kidogo. Sasa aliichukua na hiyo. Binti yangu alishuka Mutwanga kwa sababu mzee huyu alitaka asionekane ameshika tofali.

Alitafuta mkono wangu hewani, nikauondoa.

"Ninaomba unisamehe," akasema. "Juu ya mutoto."

"Mutoto gani?"

"Ule wako. Wa Mutwanga."

"Anaitwa nani?"

Magunia aliyakumbuka, kumi na moja, mawili yametoboka. Matundu aliyakumbuka, na juma aliloyaona. Midomo yake ilisogea kidogo, akafikiri, nikaona uso wake unafunguka, amepata.

"Masika," akasema.

Kwetu sisi Wanande kila binti wa kwanza ni Masika. Ukijua kwamba mtoto ni wa kike na ni wa kwanza, huhitaji kumfahamu, unamwita hivyo na hukosei. Katika mtaa wetu peke yake walikuwapo labda thelathini.

"Ile ni namba yake," nikamwambia. "Nakuuliza jina."

Aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo, mzee wa watu, machozi yakimtoka kwenye macho yasiyoona, na najua ungekuwa hapo ungemhurumia.

"Basi unikumbushe," akasema.

"Hapana."

Binti yake alikuwa anakuja na chai. Nilimwomba radhi, nikamwambia nimechelewa gari, nikatoka barabarani kutafuta pikipiki.

Aliitwa Odette. Nawaambia ninyi.